UMEME WA GARI NI LAZIMA URUDI



Tuchukue mfano. Gari limepakia tangawizi huko Mamba Miamba, wilayani Same. Mbele, pembeni mwa dereva, amekaa mama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Giza limeingia. Wanateremka mlima, kona baada ya kona. Mara taa moja ya mbele inafifia. Dereva anasimama na kuzima injini ili atazame. Akipiga stata, inalia "tik" basi. Mgonjwa analala njiani.

Kesho yake dereva anasema, "Betri imekufa." Ananunua mpya. Baada ya siku tatu ugonjwa ni ule ule! Pesa ya tangawizi imekwenda bure.

Huenda betri haikuwa na kosa. Huenda iliyoharibika ni njia ya umeme kurudi. Hilo ndilo somo letu la leo.

UMEME UNATEMBEAJE?

Sisi watu wa Upare tunaijua ndiva. Maji yanakusanywa humo, kisha yanafunguliwa na kufuata mfereji mpaka shambani. Yakifika shambani, kazi imekwisha.

Umeme wa gari sivyo. Ukishawasha taa ni lazima urudi kwenye betri. Usipopata njia ya kurudi, hauendi kabisa. Njia ya kurudi ikiwa mbovu, unapita kidogo tu.

Betri ina vichwa viwili: chanya (+) na hasi (-). Umeme unatoka chanya na kwenda kwenye taa kwa waya. Katika magari mengi, kurudi unapita kwenye chuma cha gari lenyewe: bodi, chesi na injini. Kisha unapita kwenye waya mnene mpaka kichwa cha hasi. Njia hii ya kurudi mafundi wanaiita ethi.

KWA NINI ETHI INAHARIBIKA?

Milimani kuna ukungu na mvua, na unyevu unaleta kutu. Barabara za mawe zinatikisa gari mpaka nati zinalegea. Tena, gari likipigwa rangi, fundi anaweza kufunga waya juu ya rangi. Kutu na rangi vinauzuia umeme.

DALILI ZAKE

1. Stata inazunguka kivivu, ingawa betri ina chaji.
2. Taa moja inafifia, mwenzake inawaka vizuri.
3. Ukikanyaga breki, taa ya indiketa nayo inawaka kidogo. Umeme umekosa njia yake, unapita kwa jirani.

TUPIME PAMOJA

Kwanza weka gia huru na uvute breki ya mkono. Vua pete na saa. Usivute sigara wala kusogeza kibatari karibu na betri, maana hewa inayotoka humo inaweza kulipuka.

Sasa chukua waya mmoja wa kubusti. Funga ncha moja kwenye kichwa cha hasi. Ncha ya pili ibane kwenye chuma kisafi cha injini, mbali na feni na mikanda. Usiguse kichwa cha chanya! Kisha mwenzako apige stata. Ikizunguka kwa nguvu kuliko kwanza, ethi ndiyo mgonjwa. Isipobadilika, tafuta kosa kwingine: betri, stata yenyewe, au waya wa chanya.

MATENGENEZO

1. Zima gari. Fungua waya wa hasi kwenye betri.
2. Fuata waya huo mpaka ulipofungwa kwenye bodi na injini. Fungua nati hizo.
3. Sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, pande zote mbili.
4. Kaza sawasawa. Paka grisi kwa juu kuzuia maji.
5. Rudisha waya wa hasi kwenye betri.

Kama ni taa moja tu inayofifia, safisha ethi ya taa hiyo.

TUSICHANGANYE NA SHOTI

Shoti ni kosa jingine. Hapo waya wa chanya umechubuka, unagusa bodi kabla umeme haujafika kwenye taa. Fyuzi inakatika. Wako wanaofunga kipande cha waya mahali pa fyuzi ili safari iendelee. Usifanye hivyo! Waya utapata moto na gari linaweza kuungua pamoja na watu. Tafuta palipochubuka kwanza.

Basi ndugu, kabla ya kutoa pesa ya betri, chukua spana na msasa. Itazame njia ya kurudi.

MASWALI

1. Umeme wa gari una tofauti gani na maji ya ndiva?
2. Taja mambo mawili yanayoharibu ethi.
3. Kwa nini ni hatari kuweka waya mahali pa fyuzi?