Trabekula: Lisha Vijiboriti vya Mifupa Yako

Muuza nyama akipasua kichwa cha mfupa wa paja la ng'ombe, utazame kabla hajakufungia. Ganda la nje ni gumu, lakini ndani kuna wavu wa vijiboriti vyembamba vinavyoshikilia uboho. Ndizo trabekula. Nawe unazo, hasa kwenye uti wa mgongo, nyonga na kifundo cha mkono, na ndizo hutangulia kuchakaa umri ukienda, zaidi kwa wanawake baada ya hedhi kukoma.

Ili kupata kalsiamu ya kulisha vijiboriti hivyo, mkazi wa Buteba, hapa Busia upande wa Uganda, hana haja ya kuanza na vidonge vya dukani. Gramu 100 za wimbi zina kama miligramu 340 za kalsiamu. Za mahindi hazifiki hata 20. Mtu mzima anahitaji takriban 1,000 kwa siku. Kasoro iko mashineni: unga wa wimbi ukichanganywa na muhogo, muhogo huzidishwa hadi wimbi hubaki rangi tu. Ukienda kusagisha, wimbi ndio uwe mwingi. Bora zaidi, loweka punje usiku kucha, ziache zichipue kidogo, zianike, ndipo usage. Hapo hupungua faiteti, zinazozuia kalsiamu isifyonzwe mwilini.

Kitoweo kiwe mukene, dagaa wa Ziwa Victoria wanaovuliwa Majanji, ambao jirani zetu wa Kenya huwaita omena. Waoshe vizuri mchanga utoke, kisha uwale wazima, vichwa na miiba. Anayetupa miiba ametupa kalsiamu.

Chakula peke yake hakitoshi. Mwaka 1892 daktari Mjerumani Julius Wolff alieleza kwamba mfupa hujipanga kulingana na mzigo unaoubeba. Wanaanga, wakiwa hawabebi hata uzito wao wenyewe, hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya uzito wa mfupa wa nyonga kila mwezi. Kwa hiyo tembea, lima, watoto waruke kamba. Safari ya boda boda haihesabiki, japo kazi hiyo ilizaliwa hapa hapa mpakani Busia. Hata baiskeli hujenga misuli kuliko mifupa.

Tahadhari moja. Mzee aliyejikwaa tu akavunjika mkono au nyonga, au ambaye mgongo unazidi kupinda, asitwishwe gunia wala asiinamishwe shambani. Asiishie kukandwa kwa mafuta. Mpelekeni hospitali, na mumweleze daktari kama amekuwa akimeza dawa za steroidi kwa muda mrefu, kwani nazo hula mifupa.