NJIA YA WATU AO NJIA YA MAGARI?
Somo kutoka mji wa Fresno



Wote munajua neno linalotusumbua muhula huu. Tangu tulipoweka mawe katika njia ya nyuma ya madarasa, pikipiki hazipiti tena wakati wa masomo. Kelele imepunguka, kweli. Lakini wamama wanaouza maandazi na ndizi kule mwisho wa njia wanalalamika kwamba wateja nao wamepunguka. Siku ya posho kikao cha wakubwa wa madarasa kitakata neno: mawe yatoke, ao yabaki?

Mimi doyen wenu nilisema kwa nguvu kwamba yabaki. Basi mwanafunzi mmoja wa 3 akaniuliza: "Doyen, wale wamama uliwauliza?" Sikuwauliza hata mmoja. Nilipata haya. Juu ya ile nimetafuta mji uliobishana miaka mingi juu ya jambo kama hili, tuone walifanya namna gani.

1. Mambo yaliyotokea

Fresno ni mji wa California, inchi ya Marekani. Mwaka 1960 ulikuwa na watu karibu 134.000; sasa wamepita 500.000. Katikati ya mji kulikuwa njia moja kubwa ya biashara, jina lake Fulton. Lakini watu walianza kujenga nyumba mbali, upande wa kaskazini, na maduka yakaanza kuwafuata huko.

Wakubwa wa mji wakamwita Victor Gruen. Huyu alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1903, akakimbia mwaka 1938 wakati wa Hitler. Yeye njo aliyechora Southdale, soko kubwa lenye kufunikwa lote, lililofunguliwa mwaka 1956 pembeni ya mji wa Minneapolis. Angalieni jambo hili: masoko ya namna ile yalivuta watu kutoka katikati ya miji, na sasa mchoraji wao anaitwa kuponya katikati ya mji! Shauri lake lilikuwa kwamba magari yabaki pembeni, na watu watembee kwa miguu ndani.

Hivi mwaka 1964 Fulton ikafungwa kwa magari. Garrett Eckbo alichora bustani yake: miti, chemchemi za maji, viti, mahali pa watoto kuchezea, na sanamu nyingi. Hata sanamu moja ya Renoir, yule Mfaransa, iliwekwa pale.

Mwanzoni watu walifurahi. Lakini mji haukuacha kukimbilia kaskazini. Mwaka 1970 soko lingine kubwa, Fashion Fair, lilifunguliwa huko. Pole pole maduka makubwa yakahama Fulton, orofa za juu zikabaki wazi. Waliobaki ni wachuuzi wadogo na wateja wasio na feza nyingi, wengi wao watu wa lugha ya Kispanyola.

2. Mabishano ya baraza

Wale waliotaka magari yarudi walisema hivi: duka lisiloonekana haliuzi. Mtu akipita na gari anaona kitu dirishani, anasimama, ananunua. Miaka 50 tumejaribu, inatosha.

Wale waliokataa walijibu: si miguu ya watu iliyoua Fulton. Mji wenyewe ulihama. Mukirudisha magari, wale waliohamia kaskazini watarudi kweli? Tena hapa mzee anakaa chini ya mti, mama anaacha mtoto akimbie bila hofu. Mahali kama hapa katika mji wetu ni wapi pengine?

Ndugu zangu, nilisoma maneno ya pande mbili nikatikisa kichwa. Kila upande una kweli yake.

Kisha feza ikaingia katika maneno. Mwaka 2013 serikali ya Marekani iliahidi dola karibu milioni 16 kwa kazi ya kurudisha magari. Munajua ninyi wenyewe: feza ikiwa mezani, mazungumzo hayabaki sawa na zamani. Mwaka 2014 baraza likapiga kura, magari yarudi. Wapinzani wakapeleka shauri mahakamani, wakashindwa. Mwaka 2017 Fulton ikafunguliwa kwa magari. Sanamu zilitengenezwa na kuwekwa tena kando ya njia, lakini miti mingi ya zamani ilikatwa.

3. Miji mingine

Fresno haiko peke yake. Kalamazoo, katika Michigan, ulifunga njia yake mwaka 1959, mbele ya Fresno, ukarudisha magari katika sehemu yake mwaka 1998. Miji karibu 200 ya Marekani na Kanada ilijaribu, na mingi imekwisha kurudisha magari.

Lakini musiseme mbio kwamba njia ya miguu ni kitu kibaya. Copenhagen, inchi ya Danemark, walifunga Strøget mwaka 1962, na mpaka leo inajaa watu. Boulder, katika Colorado, walifunga Pearl Street mwaka 1977, nayo inaishi. Tofauti ni nini? Copenhagen watu wanakaa karibu, wanakuja kwa baiskeli, kwa bisi, kwa treni. Boulder kuna chuo kikuu na wanafunzi wengi karibu. Watu walikuwa pale tayari. Fresno walifunga njia wakati watu walikuwa wanaondoka.

4. Tunajifunza nini?

Baraza likiuliza tu "tufungue ao tufunge?", linauliza juu ya mawe. Inafaa kuuliza kwanza juu ya watu: nani anapita hapa leo? Nani ameacha kupita, na sababu gani? Nani atapoteza tukibadilisha, naye hana kiti katika kikao chetu?

Mimi nilianza. Juzi nilikwenda kwa wale wamama wanne. Mmoja aliniambia: "Mwanangu, pikipiki hazininunulii kitu. Wanaoninunulia ni ninyi, na tangu muweke mawe munapitia mlango wa mbele." Kumbe! Mimi nilifikiri neno ni pikipiki, na neno lilikuwa miguu yetu sisi wenyewe.

Sijui kikao kitakata namna gani. Lakini nitaomba wale wamama waitwe, wasikiwe mbele ya kura.

Maswali ya kutafakari mbele ya siku ya posho

a) Kwa nini Strøget inajaa watu, na Fulton ilibaki na wachache?
b) Dola milioni 16 zilisaidia baraza la Fresno kufikiri, ao ziliwafikiria mahali pao? Eleza.
c) Taja mtu mmoja anayetumia njia yetu ya nyuma na ambaye hajaulizwa bado. Nenda umuulize.

Doyen wa wanafunzi, darasa la 6