Karatasi za Mwanahistoria na Daftari la Mwanafunzi

Aghalabu mwalimu mwanafunzi anapoandaa somo la Historia kwa Darasa la Tano hufungua kitabu cha kiada, akaandika tarehe na majina ubaoni, na watoto wakanakili. Kazi hiyo ina manufaa yake, lakini inawaficha watoto jambo kubwa: kwamba habari za kitabuni zilianza katika karatasi za mtu fulani, zenye mikato, masahihisho na alama za kuuliza. Makala haya yanahusu karatasi za namna hiyo, na faida anayoweza kuipata kwazo mwalimu wa skuli ya kijijini kama Kiwengwa.

Tuchukue mfano wa Sir John Gray, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar tangu 1943 hadi 1952. Hakuwa profesa, kazi yake ilikuwa sheria. Hata hivyo kitabu chake cha historia ya Zanzibar, kinachoishia mwaka 1856, kilitoka 1962 na kikawa rejeo la wataalamu waliomfuata. Alifariki 1970. Karatasi zake za utafiti zimo katika mkusanyiko wa Royal Commonwealth Society, ambao tangu 1993 umo katika Maktaba ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Kitabu hutupa uamuzi wa mwandishi. Karatasi zake hutuonyesha njia aliyoipita kabla ya kuamua, nayo ndiyo sehemu inayomfaa mwalimu, kwa kuwa humo swali huonekana likiwa bado ni swali.

Thamani ya karatasi hizo inatokana pia na kutawanyika kwa habari zetu. Katika jumba la nyaraka la Kilimani, Unguja, zimo barua za ubalozi mdogo wa Uingereza na za masultani. Lakini Sayyid Said alipofanya mkataba na Marekani mwaka 1833, na Richard Waters akaja kuwa balozi mdogo wa kwanza wa nchi hiyo mwaka 1837, habari nyingi za biashara ya pembe na sandarusi ziliandikwa na wafanyabiashara wa Salem, na huko Salem zikabaki. Profesa Abdul Sheriff, aliyefundisha historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kutoa mwaka 1987 kitabu chake juu ya watumwa, viungo na pembe za ndovu, ilimbidi asome nyaraka za hapa na za ng'ambo pia. Daftari la mtafiti wa namna hiyo hukutanisha mahali pamoja mambo ambayo msomaji mwingine angeyafuata kwa safari ya miaka. Nasi hatufichi kwamba inatuuma: mtoto wa Kiwengwa akitaka kuzishika karatasi za Gray juu ya kisiwa chake, itambidi avuke bahari.

Lakini kabla ya kuwalaumu wengine, tujitazame wenyewe. Katika mazoezi ya kufundisha ya mwaka mmoja, tuliwatuma walimu wanafunzi wetu Kiwengwa wakaulize wazee juu ya kilimo cha mwani, ambacho kwa biashara kilianza katika pwani ya mashariki ya Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980. Madaftari yalirudi yamejaa. Moja lilisema hapo kijijini mwani ulitangulia hoteli. Jingine likasema hoteli zilitangulia. Tulipotaka kujua nani kasema nini, kila ukurasa ulituambia "mzee mmoja alisema". Hapakuwa na jina wala tarehe. Tuliporudi kijijini, bibi mmoja ambaye yamkini ndiye aliyesema neno la kwanza alikuwa amekwishafariki. Kosa lilikuwa letu wakufunzi, kwani hatukuwafundisha kuandika.

Tangu hapo tunaanza na ukurasa wenyewe. Mtoto hupiga mstari katikati. Juu huandika jina la mzee, iwapo mwenyewe ameridhia, mtaa wake, na siku ya mazungumzo. Upande wa kulia huandika maneno ya mzee kama alivyoyatamka, hata akisema "kusi ile ya mwanzo baada ya harusi ya mwanangu" badala ya kutaja mwaka. Kuugeuza usemi huo kuwa tarehe ni kazi ya baadaye. Upande wa kushoto huweka maswali yake mwenyewe. Neno likikosewa hukatwa kwa mstari mmoja, halifutwi, ili lililokatwa lisomeke.

Somo la pili hufanyika darasani. Madaftari mawili yanayopingana huwekwa mezani, na mwalimu huuliza: nani alikuwepo, nani alisimuliwa? Hapo kelele huwa nyingi, na mwalimu mgeni hushawishika kutoa jibu. Asilitoe. Awaachie watoto waamue ni mzee gani wa kumrudia na swali gani, kisha wapange siku ya kwenda.

Madaftari yakijaa, moja hunakiliwa kwa mkono. Nakala hupelekwa kwa jamaa wa mzee aliyesimulia, na daftari lenyewe hubaki katika kabati la skuli, juu, mbali na mchwa.