SOMO LETU: ELIMU YA JUMLA NA MAADILI YA WAYAHUDI



Vijana waliomaliza sekondari hutuuliza mengi juu ya vyuo. Swali moja hurudi kila mara: "Mimi nataka uuguzi. Kwa nini chuo kinanipa historia, uandishi na maadili? Si ni kupoteza muda?" Wazazi nao huuliza: "Chuo hiki kinafundisha maadili ya Wayahudi. Je, mtoto wangu atabadilishwa dini?" Maswali yote mawili ni ya haki, na somo hili linayajibu.

Ukimaliza somo hili utaweza:
- kueleza maana ya elimu ya jumla;
- kueleza maadili ya Wayahudi hufundisha nini darasani;
- kujua mambo ya kuuliza kabla ya kujiandikisha chuoni.

Someni wawili wawili. Sababu yake mtaiona mbele.

1. ELIMU YA JUMLA NI NINI?

Elimu ya jumla ni masomo ambayo kila mwanafunzi wa chuo husoma, hata kama anataka kuwa muuguzi, mhasibu au mwalimu. Humo mna uandishi, hisabati, sayansi, historia, masomo ya jamii na maadili. Maadili ni elimu ya kupima lililo jema na lililo baya, na ya kutoa sababu.

Hapa Uganda mwanafunzi huchagua masomo yake mapema. Akifika Senior 5 anabaki na machache tu. Hata hivyo wote husoma General Paper, somo la kufikiri na kuandika juu ya mambo ya dunia. Hicho ni kipande kidogo cha elimu ya jumla.

Marekani hufanya kwa upana zaidi. Digrii ya kwanza huchukua kwa kawaida miaka 4 na krediti 120, yaani vipimo vya masomo. Sehemu kubwa ya miaka 2 ya kwanza ni elimu ya jumla.

Wakimbizi wenzetu wamekwisha kuipata elimu hii. Mwaka 2010 mpango wa Wajesuiti ulianza kufundisha katika kambi ya Kakuma, Kenya, na ya Dzaleka, Malawi. Wanafunzi walisoma kwa kompyuta, na Chuo Kikuu cha Regis cha Marekani kikawapa diploma ya krediti 45. Maadili yalikuwa miongoni mwa masomo yao. Regis ni chuo cha Kikatoliki, lakini wanafunzi wa kambini walikuwa wa dini mbalimbali.

2. VYUO VYA WAYAHUDI

Wayahudi nao wana vyuo vya namna hiyo. Chuo cha Touro kilifungua milango New York mwaka 1971, na leo kinaitwa Chuo Kikuu cha Touro. Huko Los Angeles kilianzishwa chuo kingine mwaka 1947, ambacho tangu 2007 kinaitwa American Jewish University.

Chuo hicho cha Los Angeles kina uhusiano na Uganda. Karibu na mji wa Mbale, mashariki mwa nchi, wako Wayahudi wa Uganda wanaoitwa Abayudaya. Jamii yao ilianzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Wakati wa Idi Amin ibada yao ilipigwa marufuku, nao wakasali kwa siri mpaka serikali ile ilipoanguka mwaka 1979. Mmoja wao, Gershom Sizomu, alisoma katika chuo hicho na kupata urabi mwaka 2008. Mwaka 2016 alichaguliwa kuwa mbunge wa Bungokho Kaskazini. Wapiga kura wake wengi hawakuwa Wayahudi.

Sasa tujibu swali la wazazi. Kusoma maadili ya Wayahudi si kuingia dini ya Kiyahudi. Kwa desturi Wayahudi hawatafuti watu wa kuwaingiza katika dini yao. Hata anayetaka mwenyewe huambiwa afikiri kwanza. Chuo Kikuu cha Kiislamu kilifunguliwa Mbale mwaka 1988, na wasio Waislamu wamesoma humo wakatoka na dini zao. Hata hivyo mzazi anayo haki ya kuuliza chuo chochote: je, kuna ibada ya lazima? Je, mwanafunzi wa dini nyingine huruhusiwa kushika siku yake ya ibada?

3. KISA CHA KIBARUA

Tuchukue kisa kimoja tuone masomo haya yanavyosaidiana.

Mama mmoja amevuka mpaka wa Mpondwe na watoto wake. Anafanya kibarua, au lejaleja kama tunavyoita huku, katika shamba la kahawa. Amepatana na mwenye shamba alipwe kwa siku. Jioni mwenye shamba anasema, "Njoo wiki ijayo." Wiki ijayo anasema vilevile.

Mama huyu anahitaji elimu gani?

Anahitaji hisabati ili ajue siku alizofanya na jumla anayodai. Anahitaji uandishi ili aweke tarehe na kiasi kwenye daftari, na ikibidi aandike barua ya malalamiko. Anahitaji uraia ili ajue kwamba Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi nafasi ya kufanya kazi. Yeye si mwizi wa kazi. Anahitaji historia ili aelewe kwamba wageni wa kila zama wamedhulumiwa hivi, na kwamba jambo hili lina dawa.

Mwishowe anahitaji maadili ili aweze kusema kwa nini jambo hili ni baya, na si kusema tu kwamba linamuuma. Torati ya Wayahudi, ambayo Wakristo pia wanayo katika vitabu vya Mambo ya Walawi na Kumbukumbu la Torati, inaamuru kibarua alipwe siku ileile, hata akiwa mgeni. Waislamu nao wana mafundisho ya Mtume ya kumlipa mfanyakazi upesi.

Walimu wa Kiyahudi wa kale hawakuishia kwenye amri. Waliuliza: siku ileile mpaka saa ngapi? Wakajibu kwamba aliyefanya kazi mchana ana haki ya kulipwa usiku wote unaofuata, na aliyefanya usiku, mchana wote unaofuata. Wakauliza tena: je, ikiwa kibarua hakudai? Wakasema mwajiri hahesabiwi kosa mpaka kibarua adai ujira wake. Kwa hiyo kudai haki yako si utovu wa adabu.

Hayo ndiyo maadili ya Wayahudi darasani: swali, jibu, na swali jingine juu ya jibu. Kwa desturi yao wanafunzi husoma wawili wawili, kila mmoja akipima hoja ya mwenzake. Vitabu vyao hutunza hata maoni ya walioshindwa katika mjadala, ili wajao wayapime tena. Ndiyo maana tumewaomba msome wawili wawili.

4. MWALIMU ALIYEKUWA MKIMBIZI

Katika masomo haya utakutana na jina la Maimonides. Alizaliwa Cordoba, Hispania, katika karne ya 12. Alipokuwa bado kijana, watawala wapya waliwatesa watu wa dini yake, na jamaa yake wakakimbia. Walikaa Fez huko Moroko, na mwishowe wakafika Misri.

Ndugu yake, David, alikuwa mfanyabiashara aliyelisha nyumba yote. Alizama katika Bahari ya Hindi na mali ya jamaa ikazama naye. Maimonides aliugua kwa huzuni muda mrefu. Lakini alikuwa amesoma mengi: sheria, hesabu, nyota na tiba. Alisimama tena kwa kazi ya utabibu, akawatibu hata wakuu wa serikali ya Misri. Mali ilizama, elimu haikuzama.

Yeye ndiye aliyepanga utoaji wa msaada kama ngazi yenye madaraja 8. Kwa maneno yetu ni hivi, kuanzia chini:

1. Anatoa kwa uso wa kununa.
2. Anatoa pungufu ya inavyofaa, lakini kwa uso mwema.
3. Anatoa baada ya kuombwa.
4. Anatoa kabla ya kuombwa.
5. Mpokeaji anamjua mtoaji, mtoaji hamjui mpokeaji.
6. Mtoaji anamjua mpokeaji, mpokeaji hamjui mtoaji.
7. Hakuna anayemjua mwenzake.
8. Anamkopesha mwenzake, anashirikiana naye katika biashara, au anampa kazi, ili asimame mwenyewe asihitaji kuomba.

Tazama kwamba daraja la juu si la fungu kubwa zaidi. Ni lile linalomwondoa mtu kwenye foleni. Sisi tunaogawa msaada tunapaswa kujipima kwa ngazi hii kila siku ya mgao. Na wewe uliye kambini si mpokeaji tu. Ukimkopesha jirani jembe, au ukimfundisha mtoto wake kusoma, umekwisha panda daraja la nane.

Muuguzi aliyesoma haya atajua dawa, na atajua pia kwamba uso wa kununa unaumiza. Kwa hiyo muda wake haukupotea.

5. KABLA YA KUJIANDIKISHA

- Uliza kama chuo kinatambuliwa na serikali. Hapa Uganda kazi hiyo ni ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu.
- Ikiwa una cheti cha sekondari cha Kongo au nchi nyingine, kipeleke kilinganishwe na Baraza la Mitihani, UNEB. Usitoe cheti chako halisi kwa mtu wa kati.
- Uliza kama krediti za elimu ya jumla zitakubaliwa ukihamia chuo kingine.
- Uliza gharama zote kwa maandishi, pamoja na ada ya mtihani.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mwenye shamba anasema kweli hana pesa mpaka auze kahawa. Je, ana kosa? Angelipaswa kusema nini asubuhi, kabla kazi haijaanza?
2. Msaada wa mwisho ulioupokea ulikuwa wa daraja la ngapi? Na wa mwisho ulioutoa?
3. Je, unakubali kwamba daraja la 6 ni bora kuliko la 5? Mmoja atetee, mwingine apinge. Kisha badilishaneni.
4. Taja somo moja ulilodhani halina faida shuleni, ambalo limekusaidia tangu ulipovuka mpaka.

Andikeni majibu kwenye daftari. Asiyejua kuandika aseme, na mwenzake amwandikie.