Baba anajisifu ananisomesha, mzigo anabeba mama

*Anti, nina miaka 20, nasoma ualimu mwaka wa kwanza Chang'ombe, naishi na mama Mbagala. Baba alituacha nikiwa darasa la tatu, akaoa huko Tegeta. Ana ajira ya maana. Sare, madaftari, nauli, vyote kanunua mama kwa samaki wa kukaanga, nami likizo nilikuwa nauza duka Kariakoo. Bodi ya Mikopo imenipa kiasi kidogo, nahisi ni kwa sababu ya kazi ya baba. Kumbe kazini kwake ameniandika mtegemezi, na kwenye vikao vya ukoo anajisifu kwamba ananisomesha! Binamu yangu aliye Marekani anasema baba anapunguziwa kodi kwa jina langu, nikamshtaki TRA. Rafiki yangu anasema niandike kwamba baba amefariki. Mama anasema niache, baba ni baba. Nifanye nini?*
*Nimechoka, Rangi Tatu*

Mwanangu, pole, na hongera kwa kufika chuo.

TRA usiende. Binamu yako anasema ya kwao: Marekani mzazi anaweza kumwandika mwanafunzi aliye chini ya miaka 24 akapata nafuu ya kodi, na mtoto anayejitegemea akapinga. Kwetu kodi ya mshahara huanza kukatwa kipato kikizidi shilingi 270,000 kwa mwezi, na haiulizi mtu ana watoto wangapi. Baba yako hajapata hata senti kwa njia hiyo.

Huo utegemezi wa kazini huenda ni wa bima ya afya. Mwanachama wa NHIF aliyeajiriwa huandikisha mwenza na wategemezi wasiozidi wanne. Kama ndivyo, kadi ichukue uitumie. Ila kadi ya matibabu haithibitishi kwamba mtu analipa ada.

Shauri lako liko Bodi ya Mikopo, na huko una haki ya kukata rufaa. Deni hilo ni lako, si la baba: ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wako itakatwa kulilipa. Basi una kila sababu ya kutaka hesabu ifanywe kwa hali halisi ya nyumbani kwenu.

Ushauri wa rafiki yako utakuponza. Cheti cha kifo huhakikiwa RITA, na kutoa taarifa za uongo ili upate mkopo ni kosa la jinai. Usimzike aliye hai, wala usiguse jina lake kwenye cheti chako cha kuzaliwa. Wewe pinga matunzo, usipinge uzazi. Andika wazi: huyu ndiye baba yangu, ana kazi, na tangu darasa la tatu hanihudumii.

Kisha leta ushahidi. Anza serikali ya mtaa: mjumbe na mtendaji wanajua unaishi na nani, waandike barua yenye mhuri. Kama wazazi waliachana kwa talaka, tafuta nakala. Kama mama aliwahi kufika ustawi wa jamii kudai matunzo, omba kumbukumbu zake. Toa taarifa za miamala ya simu zinazoonyesha nani alikuwa anakutumia pesa shuleni. Funga yote kwa hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu, ukampelekee afisa mikopo wa chuo akuelekeze namna ya kuyaingiza kwenye rufaa.

Sasa mama. Anaogopa utaonekana mtoto asiye na adabu. Mwambie humshtaki mtu, unaeleza tu nani alikulea, na aliyekulea ni yeye. Kabla ya kupeleka karatasi, mtafute baba mdogo au shangazi anayeheshimika upande wa baba, amfikishie ujumbe kwa upole: ama alipe anachojisifia, ama asaini barua kukiri kwamba halipi. Akisaini, hiyo ndiyo karatasi yenye nguvu kuliko zote.

Akikataa yote mawili, ajue jambo moja: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inairuhusu mahakama kuendeleza amri ya matunzo hata mtoto akishavuka miaka 18, iwapo bado anasoma. Kama mama aliwahi kupata amri hiyo, muoneni wakili wa msaada wa kisheria. Kama hakupata, mwulizeni wakili huyo kama njia bado ipo.

Dirisha la rufaa halikai wazi muda mrefu. Kesho asubuhi, kabla ya kipindi, pitia kwa mtendaji.