Kijazio cha sikukuu: Kila mtu na kikombe chake

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya chakula ambacho wengi wetu huku Turkana hatukukua nacho, lakini ambacho kimeanza kuonekana mezani wakati wa Krismasi. Nacho ni kijazio cha kuku. Mkate mkavu huvunjwavunjwa, ukachanganywa na vitunguu, nyama, mayai na supu, kisha ukashindiliwa ndani ya tumbo la kuku au bata mzinga kabla ya kuchomwa. Wamarekani hukila katika sikukuu yao ya Kutoa Shukrani, Alhamisi ya nne ya mwezi wa Novemba. Hapa Lodwar kimeletwa na vijana wetu waliokwenda kusoma na kufanya kazi mbali, na pia na wageni wa maofisi na mashirika ambao wameongezeka mjini tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka wa 2013.

Sina ugomvi na chakula hicho. Ni kitamu, na tena kwa hali yetu ya hewa hakuna haja ya kuukausha mkate kwenye tanuri kama wanavyofanya watu wa nchi za baridi. Uache juu ya sinia kwa saa chache tu, utakuwa mkavu kama kuni. Ugomvi wangu ni na mahali kinapopikiwa, yaani ndani ya tumbo la ndege.

Miaka michache iliyopita nilialikwa chakula cha Krismasi katika nyumba moja mjini. Binti wa nyumba hiyo alikuwa amerudi likizo, naye alitaka kuwaonyesha wazazi wake mapishi aliyojifunza. Alitengeneza kijazio usiku wa kuamkia sikukuu, akakishindilia ndani ya kuku wawili wakubwa, akawaweka kwenye friji. Usiku huo umeme ulipotea hadi asubuhi. Kuku hao walichomwa kwa makaa, na kufikia saa nane mchana walikuwa mezani, ngozi imebadilika rangi vizuri kabisa. Mimi nilipewa paja. Nilionja kijazio kidogo, nikakikuta ni vuguvugu tu, nusu ya joto la nyama yenyewe. Niliona aibu kusema kitu mbele ya wageni. Nikasifu mapishi, nikaenda zangu.

Kesho yake asubuhi waliletwa kwangu watu sita wa nyumba hiyo. Walikuwa wakitapika na kuhara, wana homa na tumbo linawakata. Miongoni mwao mlikuwa na watoto wanne, mdogo wao akiwa na umri wa miaka mitatu, na bibi yao mwenye ugonjwa wa kisukari. Wanaume wote wa nyumba walikuwa wazima.

"Daktari, ni nyama?" mama mwenye nyumba aliniuliza.

"Mama, hebu niambie kwanza nani alikula nini," nikamjibu.

Tulipohesabu, jambo likawa wazi. Wanaume walikula nyama, kama ilivyo ada. Kijazio, kwa sababu ni laini na hakina mfupa, kilipewa watoto na bibi ambaye meno yake yamebaki machache. Wa sita alikuwa binti mwenyewe, aliyekula ili kuwaonyesha wengine kwamba ni kizuri.

Hapa ndipo penye hatari yenyewe, msomaji. Kijazio ni chakula laini, na chakula laini hupelekwa kwa wale ambao miili yao haiwezi kustahimili kuhara. Mtu mzima mwenye afya akihara siku mbili atalalamika, kisha atapona. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kuishiwa na maji mwilini kwa muda wa saa chache tu. Mzee mwenye kisukari akitapika hawezi kula wala kumeza dawa zake, na sukari yake huyumba juu na chini. Yule bibi alilazwa siku nne. Alipona, lakini nilikuwa na wasiwasi naye kuliko nilivyomwonyesha mwanawe.

Sasa kwa nini tumbo la kuku ni mahali pabaya? Kuku mbichi aghalabu huwa na viini, na vijulikanavyo zaidi ni salmonela. Maji yanayotoka kwenye nyama hiyo hunyonywa na mkate kama sponji. Halafu joto la moto huingia kutoka nje, likapita kwanza kwenye ngozi, kisha nyama, kisha mifupa, ndipo likafika katikati ya kijazio. Joto husafiri polepole sana ndani ya kitu kilichoshindiliwa. Ukiongeza unene wake mara 2, muda wa kufika katikati huongezeka takriban mara 4. Kwa hiyo nyama ikishaiva, kijazio bado hakijafikia nyuzijoto 74, kiwango ambacho wataalamu wa Marekani hukitaka katikati ya kijazio. Mpishi akimwacha kuku motoni hadi kijazio kifikie kiwango hicho, nyama ya kidari itakuwa imekauka. Wengi huchagua kuokoa nyama.

Kisha kuna kusubiri. Baadhi ya viini, vikipata joto linalovifaa, hujigawa mara mbili kila dakika 20. Kiini kimoja baada ya saa 6 huwa zaidi ya 250,000. Ushauri wa kawaida ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, na joto la mahali likizidi nyuzijoto 32, saa 1 pekee. Lodwar mchana hufika nyuzijoto 35 na kuzidi, tena siku nyingi za mwaka. Basi saa yetu sisi ni moja. Ile hotuba ndefu ya mwenyekiti wa ukoo isomwe kabla sufuria haijafunuliwa.

Dawa ya tatizo hili niliiona Kakuma, wala sikuipata katika kitabu. Kazi yangu hunipeleka huko mara kwa mara, safari ya kilomita 120 hivi kutoka Lodwar. Katika kambi hiyo iliyofunguliwa mwaka wa 1992, watu wa Sudan Kusini hupika chakula kiitwacho mahshi wakati wa sikukuu. Huchukua pilipili hoho, biringanya na nyanya, wakazitoa moyo, wakajaza wali na nyama ya kusaga, wakazipanga katika sufuria na kuzichemsha ndani ya mchuzi. Wasomali jirani zao nao hukunja sambusa kwa ajili ya Idd. Mama mmoja aliyenikaribisha mahshi alinieleza kwamba mboga moja ni ya mtu mmoja, na kwamba yeye hufungua moja ya katikati ya sufuria kuangalia kama mchele umeiva. Kama wa katikati umeiva, zote zimeiva. Hana kipimajoto, lakini mchele wake unafanya kazi ya kipimajoto.

Chukua busara hiyo uitumie kwa kijazio. Kipike nje ya kuku, kila mtu na kikombe chake. Kikombe kidogo huiva hadi katikati kwa dakika chache, na hakuna mikono kumi inayoingia katika sinia moja. Jambo hili la mikono si dogo. Kakuma ilipigwa na kipindupindu mwaka wa 2005 na tena mwaka wa 2009, na wenyeji hawahitaji kukumbushwa maana ya sabuni.

Kwa watu 6, tafuta vipande 8 vya mkate wa jana, robo kilo ya nyama ya mbuzi ya kusaga au maini yaliyokatwa vipande vidogo sana, kitunguu kikubwa kimoja, vitunguu saumu kidogo, fungu la dania, mayai 2, vijiko 2 vya mafuta, na kikombe kimoja cha supu. Mkate uwe mkavu, lakini usiwe na ukungu. Ukiona doa la kijani kwenye kipande, usikate doa ukala kilichobaki. Tupa.

Kaanga kitunguu hadi kilainike, tia saumu na nyama, ukoroge mpaka pasibaki wekundu wowote. Maini hasa yasiwe na damu ndani. Epua, changanya na mkate uliovunjwa na dania, umwagie supu kidogo kidogo hadi mkate ulowe bila kuwa uji. Chumvi nusu kijiko cha chai inatosha sufuria nzima. Ikiwa umetumia vile vidonge vya kuongeza ladha, usiongeze chumvi, kwani tayari vimejaa chumvi, na wenye shinikizo la damu watakuwa mezani nao. Mayai yapige utie mwisho, mchanganyiko ukiwa umepoa kidogo ili yasigande.

Paka mafuta vikombe vidogo vya bati au mikebe ya kuokea keki ndogo, ujaze robo tatu. Usishindilie. Kina cha kijazio kisizidi sentimita 5. Tafadhali usitumie mikebe iliyokuwa na rangi au dawa ya mifugo, hata kama imeoshwa mara saba.

Asiye na tanuri asikate tamaa. Twaa sufuria kubwa, tandaza kokoto safi au mchanga mkavu chini, funika, upashe moto kwa dakika 10. Panga vikombe juu ya kokoto, rudisha kifuniko, na juu ya kifuniko weka makaa yanayowaka, vile vile kina mama wanavyooka keki. Baada ya dakika 25 au 30, toboa cha katikati kwa kisu hadi chini. Kisu kitoke bila yai bichi, na ukikigusa kiwe kinachoma. Kama hakichomi, rudisha. Kuku naye apikwe peke yake, na kibao ulichomkatia akiwa mbichi kioshwe kwa sabuni kabla hakijaguswa na dania. Na huyo kuku mbichi hana haja ya kuoshwa chini ya mfereji, maana maji hurusha viini hadi kwenye vyombo vilivyo safi. Najua wengi hamtanisikia katika hili.

Kuna faida nyingine ya kikombe ambayo mimi kama daktari naipenda sana. Vipande 8 vya mkate katika vikombe 6 ni kama kipande kimoja na theluthi kwa kila mtu. Mgonjwa wa kisukari anajua alichokula. Kwenye sinia la pamoja hakuna ajuaye, na bibi huongezewa kijiko kwa upendo hadi sukari inapanda. Mwambie kikombe kimoja kinachukua nafasi ya chapati, si kwamba kinaongezwa juu yake. Jirani Mwislamu mwandalie chake kwa nyama iliyochinjwa kwa utaratibu wa dini yake, nawe utampelekea bila yeye kuuliza maswali.

Je, mtu akiugua licha ya tahadhari hizi? Anza na maji kabla ya dawa. Mpe chumvi ya kurudisha maji mwilini inayopatikana katika zahanati na maduka ya dawa. Ikikosekana, tia vijiko 6 vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chumvi katika lita 1 ya maji safi. Pima kwa makini, maana chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Mnyweshe kidogo kidogo, na akitapika ngoja dakika 10 uanze tena. Anayenyonya aendelee kunyonya. Mtoto anayehara apewe pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 kama mhudumu wa afya atakavyoelekeza. Zile dawa za kufunga kuhara asipewe mtoto hata kidogo.

Mkimbize hospitalini mara moja akiwa na damu katika choo, macho yaliyoingia ndani, akikosa kukojoa kwa saa nyingi, akilegea, akitapika kila anachomeza, au choo chake kikiwa kama maji ya mchele. Mwenye kisukari, mja mzito na mtoto wa chini ya mwaka mmoja wasisubiri dalili hizo. Waende mapema.

Swali ambalo huulizwa sana ni kuhusu vikombe vinavyobaki. Mwenye friji inayofanya kazi avitie ndani kabla ya saa moja kupita, na siku ya pili avipashe hadi vifuke mvuke katikati. Asiye na friji ahesabu wageni kwanza, ndipo ajaze vikombe. Kupasha moto chakula kilicholala nje hakusaidii sana, kwa kuwa viini vingine huacha sumu isiyoharibiwa na moto.

Binti yule aliporudi likizo nyingine, alinipigia simu kuniuliza juu ya haya yote, nami nikamwomba radhi kwa kunyamaza kwangu siku ile. Krismasi hiyo alileta vikombe kumi na viwili mezani, vimepangwa juu ya sinia na bado vinachoma. Bibi alikula kimoja, akadai cha pili. Akanyimwa, akanuna hadi chai ilipoletwa.