SOMO: Kwa Nini Viazi Mwitu Havizaani na Vyetu

Ukungu huunguza viazi mviringo vya wakulima wetu wa Olmotonyi kila mvua zinapozidi. Tunaulizwa: kiazi mwitu cha Mexico huhimili ukungu, mbona hakichanganywi na chetu? Kikichavushwa, mbegu hufa changa. Chetu kina kromosomu 48, chake 24. Mchango wa wazazi usipolingana, akiba ya chakula ndani ya mbegu huharibika, na kiinitete hufa kwa njaa. Ndiyo maana watafiti nchini Uganda walijaribu aina ya Victoria iliyopandikizwa jeni za viazi mwitu maabara. Kwetu, kamati zihimize mbegu safi, kubadilisha mazao na kung'oa masalia yenye ugonjwa.